Kesi ya Baruti Hujengwa Nchi Kavu

Samaki aliyeuawa kwa baruti, ukimtazama juu juu, hana tofauti na mwenzake aliyenaswa kwa wavu. Magamba yako mahali pake, ngozi inang'aa, na mchuuzi atakuapia kwamba katoka kwenye mshipi alfajiri ya leo. Mpasue. Tumboni utakuta damu imevia kufuata uti wa mgongo, imeganda mstari mweusi. Kibofu cha hewa kimechanika. Mbavu zimebanduka kwenye nyama, ukizigusa kwa ncha ya kisu zinakuja zenyewe, na mara nyingine uti umekatika ilhali nje hakuna hata mchubuko. Hakuna wavu unaomfanya samaki hivyo, wala ndoana, wala dema, ule mtego wa kusuka.

Nimekuwa bwana samaki, yaani afisa uvuvi, katika mwambao wa Tanga, kisha Kilwa, na sehemu kubwa ya kazi yangu imekuwa kusimamia sheria: leseni, nyavu za macho madogo, kokoro, na zaidi ya yote baruti. Nikiwaambia watu wa bara kazi ninayoifanya, picha inayowajia ni boti ya mwendo kasi, bunduki begani na mhalifu anafukuzwa kwenye mawimbi. Wakubwa wanaopanga bajeti nao wana picha hiyo hiyo. Mimi nimefika mahali pa kuamini, na niko tayari kulitetea neno hili mbele ya yeyote, kwamba kukimbizana majini ndiyo sehemu ndogo kabisa ya kazi. Baruti inanunuliwa nchi kavu, inasafirishwa nchi kavu, samaki wake anauzwa nchi kavu, na kesi yake inaamuliwa nchi kavu.

Tuanze na boti yenyewe, kwa kuwa ndiyo inayopewa heshima yote. Wapiga baruti huenda vijana wanne au watano ndani ya boti ya faiba. Mmoja huzama na miwani kuangalia kundi la vibua au changu liko wapi, mwingine anashika chupa ya baruti na tambi yake ya kuwashia. Chupa ikirushwa, mlipuko unaua kila chenye uhai karibu yake: samaki wa kuuzwa, vifaranga vyao, kaa, na mayai. Matumbawe yaliyojengeka kwa miaka mingi yanabaki kokoto. Vijana wanazama kuokota. Wale waliopasuka kibofu hawaelei, wanakwenda chini, na wengi wao hawaokotwi kabisa. Kazi yote inakwisha kwa muda mfupi, halafu wanahama mwamba.

Sasa ije doria. Injini zetu zinasikika kabla hatujaonekana. Pwani wao wana mtu mwenye simu, anayejua tumejaza mafuta saa ngapi na tumeelekea wapi. Tukifika tulipoona moshi wa maji, chupa zilizobaki zimeshadondoshwa, na zikishazama kwenye kina kirefu hakuna askari wa kuziokota. Ndani ya boti tunakuta samaki, barafu, vijana wanaotweta, na maelezo kwamba walikuwa wanavua mshipi. Sisemi doria ziachwe. Zinawanyima raha, zinawapandishia gharama, na mvuvi halali akiiona boti ya serikali imepita anajua hajaachwa peke yake. Lakini ukihesabu lita za mafuta zilizochomwa kwa kila mtu aliyefungwa, utashika kichwa.

Historia yetu yenyewe inasema hivyo. Baruti imekuwa ikipigwa katika maji ya Tanzania tangu miaka ya 1960. Sheria ya uvuvi ya 1970 iliikataza, na Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya 2003 ikaikataza tena kwa maneno makali zaidi. Kati ya hapo Tanga tulipata mradi wa hifadhi na maendeleo ya mwambao, ulioanza 1994, ambao uliwaweka wanavijiji na serikali meza moja kupanga maeneo ya pamoja ya usimamizi. Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1990 wanajeshi wa majini nao waliingia kazini. Milipuko ikanyamaza. Wazee wa Tanga bado wanausimulia wakati ule, jinsi walivyokuwa wanakwenda kutega madema bila kusikia hata mlio mmoja. Kisha wanajeshi wakarudi kambini, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 baruti ikarejea kana kwamba haikuondoka. Kwa nini isirejee? Aliyekuwa anauza vilipuzi alikuwa palepale. Tajiri aliyekuwa anawakopesha vijana boti na injini alikuwa palepale. Mnunuzi wa samaki hakuulizwa swali hata moja. Walioondolewa ni vijana wa botini tu, na vijana wa kushika chupa hawajawahi kukosekana kwenye pwani yenye njaa.

Mwaka 2015 watafiti walipita mwambao wetu wote na chombo kinachokokota vinasa sauti chini ya maji. Majini sauti hukimbia kiasi cha mita 1,500 kwa sekunde na kufika mbali, kwa hiyo mlipuko hauna pa kujificha. Katika saa 231 za kusikiliza walithibitisha milipuko 318. Kilichonikaa moyoni zaidi ni mahali ilipotokea. Asilimia 62 hivi ilikuwa ndani ya kilomita 80 kutoka Dar es Salaam, na huko ilifika karibu milipuko 10 kwa saa moja. Mtu asiyeijua biashara hii angetegemea baruti ipigwe mbali, kwenye visiwa visivyo na watu, mahali samaki ni wengi na macho ya serikali ni machache. Ilikuwa inapigwa karibu na mji mkubwa kuliko yote nchini, karibu na makao ya polisi, mahakama na wizara, maana hapo ndipo lilipo soko, hapo ndipo ziliko barabara, na machimbo na miradi ya ujenzi inayotumia baruti kihalali haiko mbali. Baruti ilikuwa inafuata soko.

Mwaka huo huo serikali iliunda kikosi kazi cha taasisi mbalimbali kushughulikia uhalifu wa mazingira, polisi wakikaa na watu wa uvuvi, misitu na wanyamapori. Walianza kuuliza maswali ambayo sisi wa boti hatukuwa na mamlaka ya kuyauliza. Hizi tambi zimetoka ghala gani? Boti hii imeandikwa kwa jina la nani? Fedha za barafu zinatumwa na nani kila asubuhi? Baada ya miaka michache milipuko ilipungua sana. Haijaisha, na yeyote anayedai imekwisha aje alale kijijini wakati bahari imetulia. Lakini niliona kwa macho yangu madiko, mahali boti zinaposhusha samaki, yaliyokuwa yamejaa samaki laini wa baruti yakirudi kuuza samaki wa mshipi, na bei ikapanda, na mvuvi wa ngalawa akapata chake.

Katika ukanda wote wa magharibi wa Bahari ya Hindi ni kwetu tu ambako uvuvi huu ulikita mizizi kiasi hiki. Majirani zetu wa Kenya wana hifadhi za bahari za Malindi na Watamu tangu 1968, na baruti kwao haikuwa wimbo wa kila siku. Linaniuma, na nadhani linapaswa kumuuma kila Mtanzania anayekula samaki.

Wenzetu wa wanyamapori wamepita njia hiyo hiyo kwa gharama kubwa zaidi. Tembo wetu walikuwa zaidi ya 109,000 mwaka 2009. Ilipofika 2014 walihesabiwa karibu 43,000. Askari walikuwepo porini muda wote huo, wengine wakipoteza maisha. Upepo ulianza kugeuka pale wapelelezi walipoacha kuhesabu majangili wa porini peke yao, wakafuata fedha hadi mjini. Mfanyabiashara Yang Fenglan, aliyebandikwa jina la malkia wa meno ya tembo, alikamatwa 2015 Dar es Salaam, na Februari 2019 akahukumiwa kifungo cha miaka 15. Mama yule hakukutwa porini na bunduki.

Na msitu je? Daraja la Mkapa juu ya Mto Rufiji lilipofunguliwa 2003, mikoa ya kusini iliyokuwa inafungwa na mafuriko kila masika ilipata njia. Tulifurahi sote. Magogo nayo yalipata njia. Uchunguzi uliotolewa 2007 kuhusu biashara ya mbao za kusini ulionyesha kwamba hadi asilimia 96 ya mapato yaliyostahili kukusanywa kwenye magogo yalipotea. Gogo la mninga halifichiki. Linahitaji lori, lori linahitaji barabara, barabara ina kizuizi cha maliasili, na kizuizini kuna mtu anayetakiwa kuangalia kama gogo limegongwa nyundo ya alama na kama TP, hati ya kusafirishia mazao ya misitu, iliyo mkononi mwa dereva inasema mti huo huo na wingi huo huo. Kwa hiyo asilimia 96 haikupotelea msituni gizani. Ilipita mbele ya watu wenye sare, kwenye lami, mchana.

Tulipo dhaifu zaidi ni mahakamani, na hapo nitakaa kidogo.

Kielelezo cha kesi ya baruti kinaoza. Unakamata tenga la changu saa mbili asubuhi, jua la pwani halina huruma, kituo cha polisi kilicho karibu hakina jokofu, na hakimu yuko kilomita nyingi. Usipochukua hatua, baada ya siku mbili una ndoo ya funza. Utaratibu upo: unampeleka mtuhumiwa pamoja na kielelezo mbele ya hakimu, unaomba amri ya kukiharibu, mtuhumiwa anasikilizwa, hati inaandikwa, picha zinapigwa, halafu ndipo kinateketezwa. Mahakama ya Rufani imesisitiza sana jambo hili katika kesi za nyara na nyama pori: mshtakiwa akikosekana wakati kielelezo chake kinaamriwa kuharibiwa, hati ile haina nguvu dhidi yake. Watu wameachiwa huru kwa sababu hiyo. Wako askari wanaolalamika kwamba majaji wanawatetea majangili. Siungi mkono. Mtu asifungwe miaka kwa nyama ambayo hakuonyeshwa wala kuulizwa habari zake. Sheria inayombana mvuvi ndiyo hiyo hiyo inayotubana sisi, na ni haki iwe hivyo.

Ila yanauma. Niliwahi kutoa ushahidi katika kesi ambayo sikuwa na shaka nayo hata chembe. Nilikuwa nimempasua samaki mmoja mmoja mbele ya mashahidi, nimeandika ripoti, nimeeleza damu iko wapi na pingili ipi imevunjika. Wakili wa utetezi alisimama kwa upole, akaniuliza: "Afisa, ukimwangusha samaki kutoka juu ya lori hadi chini, uti hauvunjiki?" Nikajibu unaweza kuvunjika. "Ukimkanyaga?" Nikajibu unaweza pia. Nikaanza kueleza kwamba kuvunjika kwa kukanyagwa huacha alama kwenye ngozi, na kwamba damu haivii namna ile kwa samaki aliyekwisha kufa. Akanikatisha, akaniomba niionyeshe mahakama. Picha zilikuwa za simu, zimepigwa kwa haraka dhidi ya jua, damu inaonekana kama kivuli. Samaki wenyewe walishateketezwa kwa utaratibu, kihalali kabisa. Hakimu hakuwa na la kufanya. Vijana walitoka, na tajiri wao alikuwa nje ya uzio anawasubiri ndani ya gari.

Wanaojua kabla yetu sote ni wakaanga samaki. Yuko mama mmoja kwenye diko tulilokuwa tunalikagua, kazi yake kununua vibua kwa ndoo na kuwakaanga jioni. Siku hiyo alikuwa ametenga fungu zima pembeni, halitaki. Nikamwamkia: "Shikamoo mama. Hawa vipi?"

"Marahaba mwanangu. Hawa hawakaangiki. Ukiwatia kwenye mafuta wanamomonyoka, unabaki na mchuzi wa miba."

"Wametoka boti gani?"

Akaendelea kupepea moto. Baada ya muda akasema, bila kuniangalia: "Wewe utapanda gari lako uondoke. Mimi nitalala hapa hapa."

Sina ubishi na jibu hilo. Mama yule alikuwa na ushahidi kuliko boti yetu na darubini yake, na alikuwa na sababu ya haki ya kuunyamazia. Kijijini anayeuza baruti anaweza kuwa jirani, mkwe, hata mtu aliyemkopesha fedha za kumpeleka mtoto hospitali. Vikundi vya BMU, yaani vya wanakijiji vya kusimamia uvuvi, vinavyotakiwa kuwa macho ya serikali kwenye kila diko, vinakaliwa na watu hao hao wenye nyumba hapo hapo. Wapo wenyeviti wa BMU waliotishwa, na wapo waliochomewa nyavu zao usiku. Tunawataka walinde bahari ya taifa kwa kujitolea, bila posho, bila bima, kwa kofia na fulana.

Na sisi wenye sare tumeichafua kazi wenyewe. Mwaka 2013 ilizinduliwa Operesheni Tokomeza dhidi ya ujangili. Haikuchukua muda ikasitishwa, kwa malalamiko ya raia kuteswa na kuuawa, wanawake kudhalilishwa, mifugo ya watu kupigwa risasi. Bunge liliunda kamati, ripoti ikasomwa, na tarehe 20 Desemba 2013 mawaziri 4 wakaondoka madarakani kwa siku moja. Lengo la operesheni lilikuwa sahihi. Tembo walikuwa wanakwisha kweli. Lakini mfugaji aliyepigwa mbele ya wanawe hatakuja kukuambia ameona nyayo za jangili, wala wanawe hawatakuja. Kila kofi analopigwa mwanakijiji asiye na hatia ni taarifa ambayo hutaipata tena, na ni dhambi kabla ya kuwa hasara. Nimeona jambo hilo baharini pia: wavu wa mzee unachomwa kwa kuwa matundu ya wavu ni madogo kidogo tu kuliko yanavyotakiwa, wakati boti ya tajiri imepita usiku na hakuna aliyeisimamisha. Siku ya pili unamuuliza mzee huyo habari za baruti. Atakujibu hajasikia kitu.

Panapokuwa na imani, mambo huwa tofauti kabisa. Kule Kisiwa Panza, Pemba, wanakijiji waliamua wenyewe kufunga sehemu ya mwamba kwa muda ili pweza wakue, kisha kuufungua siku iliyokubaliwa na wote. Ulinzi ni wao. Wanakesha usiku kwa zamu, na anayekiuka anamjua kila mtu na kila mtu anamjua. Siku ya kufungua, wake kwa waume wanashuka mwambani na vyuma vyao, wanatoa pweza wazito, na fedha inaonekana mkononi jioni ile ile. Mtu aliyeona faida ya mwamba kwa macho yake hahitaji kubembelezwa kuulinda. Kilichobaki kwa serikali hapo ni kazi moja, nayo ni nzito: mwanakijiji akimkamata mvunja sheria na kumkabidhi, sheria ndogo itambuliwe, kesi isikilizwe, na mkamataji asiachwe na maadui peke yake. Mkosaji akirudi kijijini kesho yake anacheka, zamu za usiku zitavunjika zenyewe.

Tangu wahifadhi wa wanyamapori na misitu walipoingizwa kwenye mfumo wa jeshi usu, wenye vyeo na nidhamu ya kijeshi, nasikia vijana wengi wakitamani gwaride, magwanda na silaha. Nawaelewa. Mhifadhi anayekutana na majangili wenye bunduki hawezi kwenda na fimbo, na nidhamu ya kijeshi imeokoa maisha ya wenzangu. Ninachoomba ni kwamba kwenye mafunzo hayo, saa za kujifunza kuandika maelezo ya shahidi, kujaza hati ya ukamataji mali, kupiga picha ya kielelezo na kukitunza kutoka mkono mmoja hadi mwingine zisiwe pungufu ya saa za kulenga shabaha. Askari wengi watamaliza utumishi bila kufyatua risasi hata moja kazini. Hakuna atakayemaliza bila kuandika maelezo.

Kuhusu fedha, boti za doria tunazo, na tuzitunze. Bajeti ya wilaya moja ya pwani ningeielekeza hivi. Jokofu kwenye kituo cha polisi kinachohudumia madiko, lenye kufuli na daftari, na kamera nzuri moja ambayo si simu ya mtu. Siku chache kila mwaka za kuwakalisha pamoja maafisa uvuvi, waendesha mashtaka na mahakimu mbele ya samaki waliopasuliwa, wale wa baruti na wale wa wavu, kila mmoja ashike kisu mwenyewe. Posho ya usiku kwa walinzi wa BMU, inayolipwa kwa wakati. Namba ya simu ya kupokea taarifa isiyopita kwenye ofisi ya kijiji, ili yule mama mkaanga samaki akiamua kusema, asikike mbali na kwake. Na mkaguzi wa kupita bila taarifa kwenye kila machimbo ya kokoto na kila mradi wa barabara, afungue ghala la baruti, ahesabu vilipuzi kimoja kimoja, alinganishe na daftari la mtunza stoo, na pale hesabu isipokubaliana aondoke na mtunza stoo huyo siku hiyo hiyo. Ningeanza na huyu mkaguzi.